Steringi Hafi: Namna ya Kusoma Ujumbe Unaogongana Ndani ya Filamu na Tamthilia

Waliokulia kwenye vibanda umiza wanaijua sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kutuandikia ubaoni: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, gari litalipuka naye akiwa ndani, lakini dakika za mwisho utamwona anasimama. Tulikuwa watoto, tumelipa shilingi zetu mlangoni, tumebanana kwenye benchi mbele ya televisheni ndogo, na tayari tulikuwa tunaisoma filamu vizuri kuliko tulivyofundishwa baadaye. Tulikuwa tunaangalia nani anaruhusiwa kuishi na nani lazima afe.

Darasani tukajifunza namna nyingine. Taja dhamira. Taja ujumbe. Toa mifano miwili. Mimi mwenyewe nimefundisha fasihi hivyo kwa miaka mingi, na kwa mtihani inatosha. Shida inaanza mazoea hayo yanapohamia sebuleni. Mtu anatazama filamu ya saa mbili na nusu, anainuka na sentensi moja: "inatetea wanawake", "inatukana mila zetu", "inafundisha umoja". Jirani yake ameitazama hiyo hiyo, naye ana sentensi moja iliyo kinyume kabisa. Watabishana mpaka umeme ukatike. Mara nyingi wote wawili wana haki, kwa sababu filamu yenyewe imesema yote mawili, moja kwa mdomo na jingine kwa matendo.

Hatua zifuatazo nimezitumia na vijana wa mtaani kwetu, Jumamosi baada ya Jumamosi, na nimezirekebisha kila zilipotukwamisha. Zinafaa kwa filamu ya Hollywood, tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na Bongo Muvi. Mfano nitakaourudia ni Black Panther ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Ryan Coogler kwa kampuni ya Marvel iliyo chini ya Disney. Wengi mmeiona, Lupita Nyong'o yumo, na Kisumu, nyumbani kwa familia yake, walifanya uzinduzi wao. Zaidi ya hayo, ni filamu ninayoipenda, na kile unachokipenda ndicho kigumu kukisoma kwa haki. Nitasimulia mpaka mwisho wake, kwa hiyo kama hujaitazama, anza huko.

Unachohitaji ni daftari, kalamu, rimoti na nafasi ya kutazama mara mbili. Kwa tamthilia ya sehemu mia usijitese kusoma zote. Chagua sehemu ya kwanza, moja ya katikati na ile ya mwisho.

Jambo moja tulimalize kabla hatujaanza. Kwetu, ukisema "ujumbe uliofichwa" watu wanaanza kutafuta pembetatu, jicho moja, alama za vidole, Freemason. Liache hilo. Siasa ya filamu haijafichwa kwenye vidole vya mtu. Ipo wazi, kwenye hadithi yenyewe: nani anapendwa, nani anachekwa, nani anazikwa. Mtu anayewinda alama anakosa kilichowekwa mezani mbele ya macho yake.

Hatua ya 1: Mara ya kwanza, tazama tu

Usiandike chochote. Cheka, lia, shangilia. Filamu ikiisha, kabla hujafungua simu kusoma wengine wamesema nini, jibu maswali matatu kwenye daftari. Nilitaka nani ashinde? Nilimwonea nani huruma? Ni wapi niliona aibu au hasira?

Majibu hayo ni ushahidi. Filamu haifanyi siasa kama mwanasiasa anayepanda jukwaani na kutoa hoja. Inakupa kwanza mtu wa kumpenda, kisha hoja zake zinaingia zikiwa zimebebwa mgongoni mwa upendo huo. Ukianza na uchambuzi, utaandika unachodhani ulipaswa kuhisi. Vijana wangu wengi waliandika kwamba walitaka T'Challa, mfalme aliye steringi wa Black Panther, ashinde, na papo hapo waliandika kwamba aliyewatoa machozi ni adui yake. Mgongano wa kwanza huo hapo, na ulishatufanyia kazi kabla hatujausema.

Hatua ya 2: Chora safu tatu

Gawanya ukurasa mara tatu. Juu ya safu ya kwanza andika "Kinachosemwa", ya pili "Kinachoonyeshwa", ya tatu "Kinacholipwa". Sasa tazama mara ya pili, rimoti mkononi.

Kinachosemwa ni maneno ya wahusika, hotuba, maneno ya wimbo, maandishi kwenye skrini. Kinachoonyeshwa ni kile ambacho kamera inakitazama kwa muda mrefu: nyumba, nguo, mwili, chakula, damu. Kinacholipwa ni fungu la kila mtu mwishoni: nani kaoa, nani kafilisika, nani kafa, nani kasamehewa.

Safu hizi tatu zikikubaliana, una filamu yenye ujumbe mmoja, na filamu za namna hiyo ni chache. Mara nyingi zinagombana. Chukua hadithi tunayoijua sote: mume mwenye pesa, nyumba ndogo mjini, mke mvumilivu nyumbani. Kinachosemwa ni kwamba uzinzi ni mbaya. Mchungaji au shehe atalisema waziwazi. Kinachoonyeshwa, kwa zaidi ya saa nzima, ni gari jipya, hoteli ya ufukweni, magauni, manukato. Kinacholipwa, dakika tano za mwisho, ni ajali au ugonjwa. Kati ya dakika themanini na dakika tano, mtazamaji wa miaka kumi na sita ameondoka na kipi?

Mtindo huo una historia. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1934 hadi 1968, studio kubwa zilifuata kanuni za maadili zilizojulikana kwa jina la Will Hays. Mojawapo ilitaka mtazamaji asiachwe akiuonea huruma uhalifu, na mhalifu aadhibiwe. Watengenezaji wakajifunza njia ya kuishi nayo: jambazi anavaa suti nzuri, anacheka, anapendwa na wanawake, halafu anauawa mwishoni ili kanuni itimie. Adhabu ikawa tiketi ya kuruhusiwa kuonyesha raha. Ukiona mwisho wenye adhabu kali iliyokuja ghafla, rudisha nyuma uone ilikuwa inalipia nini.

Turudi Wakanda, nchi ya kubuni ya Black Panther. Kinachosemwa: hii ni nchi ya Kiafrika ambayo haikuwahi kutawaliwa na mgeni, iliyotangulia dunia kwa sayansi. Kinachoonyeshwa: kiti cha enzi kinapatikana kwa watu wawili kupigana kando ya maporomoko ya maji, na raia wa kawaida haulizwi lolote. Killmonger, adui wa T'Challa, anashinda kwa kanuni hiyo hiyo. Jenerali Okoye, mwanamke shujaa kuliko wote katika filamu, anabaki kukitumikia kiti hata kama aliyekikalia anamtia uchungu. Na kinacholipwa? T'Challa anarudi, inasemwa kwamba pambano halikwisha kwa kuwa hakufa wala hakukubali kushindwa, mfalme tunayempenda anakaa tena pale pale. Kanuni iliyomleta dikteta haiguswi. Filamu inayojivunia Afrika huru imeona shida iko kwa mfalme mbaya, na dawa yake ni mfalme mzuri.

Sisemi Coogler alikaa akapanga kutuambia tusipige kura. Ndiyo maana tunachora safu: kuandika kazi inachofanya, bila kudai tunayajua ya moyoni mwa aliyeitengeneza.

Hatua ya 3: Msikilize adui

Hapa kaa muda mrefu. Kama una saa moja tu ya kazi hii yote, itumie hapa.

Andika adui anadai nini, kwa maneno yako, kwa heshima kana kwamba ni ndugu yako anazungumza. Halafu andika amefanya ukatili gani. Halafu uliza swali hili: ukatili huu unatokana na dai lake, au umebandikwa ili tuache kusikiliza dai?

Killmonger anadai kwamba watu weusi wameonewa duniani kote huku nchi yenye uwezo wa kuwasaidia imejificha. Dai lake ni la kweli ndani ya filamu yenyewe. Baba yake, N'Jobu, aliishi Oakland, akaona viongozi weusi wakiuawa, mitaa ikijazwa dawa za kulevya na silaha, vijana wakisombwa magerezani. Mwaka 1992 ndugu yake wa damu, mfalme T'Chaka, alimuua, kisha akamwacha mtoto yatima ili siri ya Wakanda isitoke. Halafu kuna ile sehemu ya jumba la makumbusho London, Killmonger akimuuliza mtunzaji mababu zake walivyopata vile vitu vya Afrika vilivyo kwenye kabati za vioo: waliviuziwa kwa bei ya haki, au walivichukua tu? Mtu yeyote aliyewahi kusikia kwamba mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi, imesimama Berlin mpaka leo hawezi kulisikia swali hilo kwa utulivu.

Lakini yule mama wa makumbusho alishatiliwa sumu kwenye kahawa. Wakati swali la haki linaulizwa, anayeulizwa anakufa. Baadaye Killmonger anampiga risasi mpenzi wake mwenyewe bila kupepesa jicho. Anamkaba mama mzee mtunza mimea mitakatifu, anaichoma bustani nzima. Mpango wake wa mwisho ni kusambaza silaha duniani ili waonewa wageuke watawala.

Sasa lile swali. Kutaka kusambaza silaha kunatokana na dai lake. Tunaweza kulijadili na kulipinga. Kumuua mpenzi wake hakutokani na dai lolote kuhusu ukoloni. Kazi yake ni kutuondolea ugumu wa kumsikiliza. Vijana wanaposema "Killmonger alikuwa sahihi ila alikuwa mkatili", waulize ukatili ule ungeondolewa filamu ingebaki na jibu gani.

Ukweli ni kwamba ingebaki na jibu, na hapa lazima tuitendee haki. Mhusika wa Lupita, Nakia, anasema tangu mwanzo kwamba Wakanda haipaswi kufunga milango wakati wengine wanateseka. Anadai karibu kile anachodai Killmonger, bila bunduki. T'Challa naye, alipokutana na mababu, anamkabili baba yake na kumwambia kwamba walikosea. Mwishoni anakwenda Oakland, ananunua majengo mahali pale pale mtoto alipoachwa, afungue kituo cha misaada na sayansi. Kwa hiyo adui amekufa lakini nusu ya dai lake imeshinda. Nusu ipi? Nusu ya huduma za jamii. Nusu iliyohusu madaraka, nani anaitawala dunia na kwa nguvu gani, imezikwa naye.

Na katika safu ya kinachoonyeshwa, usimsahau Everett Ross. Ni ofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba Killmonger alifunzwa na jeshi la Marekani kuzivuruga serikali za nchi nyingine. Filamu inalijua hilo na inalisema. Kisha inamkalisha mtu huyo huyo wa CIA kwenye usukani wa ndege akiwa mbali, azitungue ndege zinazopeleka silaha kwa waonewa, na sisi tunamshangilia. Wasomaji wa Kongo wanaomkumbuka Lumumba, waziri mkuu wao ambaye CIA ilipanga kumuua, wanaweza kutazama dakika zile mara ya pili, polepole, na kuandika wanachohisi.

Hatua ya 4: Hesabu

Hii ni fupi. Hesabu wahusika wenye majina na wasio na majina. Hesabu nani anazungumza na nani. Mchoraji wa katuni Mmarekani Alison Bechdel aliandika mwaka 1985 kipimo kinachotumika mpaka leo: je, wamo wanawake wawili wanaozungumza wao kwa wao kuhusu jambo lisilokuwa mwanamume? Kipimo hakikuambii filamu ni nzuri au mbaya, lakini kinakuonyesha ulichozoea kutokiona.

Kwa tamthilia zetu naongeza kipimo cha dada wa kazi. Je, ana jina? Ana chumba? Kuna hata dakika moja tunayomwona akiwa peke yake, akiwaza jambo lake, bila kuitwa? Familia ndani ya tamthilia inaweza kuhubiri usawa kutoka sehemu ya kwanza hadi ya sitini huku anayewatilia chai akiwa hana hata jina. Nimeliona hilo mara nyingi, na linaniuma kila mara.

Hatua ya 5: Uliza nani alilipa na nani aliruhusu

Filamu ni ghali, na ghali ina mwenyewe. Angalia majina mwanzoni na yale yanayopita mwishoni wakati wengine wanatafuta viatu. Tafuta mambo mawili: mfadhili, na aliyetoa kibali au msaada wa vifaa.

Mfano unaofahamika ni Top Gun ya mwaka 1986. Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwapa watengenezaji nafasi ya kupiga picha kwenye ndege na meli zake halisi, nao kwa upande wao walikubali wakubwa wa jeshi waupitie mswada. Utaratibu huo bado upo Pentagon: anayetaka vifaa anapeleka mswada. Hakuna aliyelazimishwa, ila filamu inayolisifu jeshi inapata ndege za kweli, na inayolikosoa inajitafutia zake.

Afrika Mashariki tumekuwa ndani ya mchezo huu tangu zamani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, fedha zake nyingi zikitoka taasisi ya Carnegie ya Marekani. Mada zilikuwa kilimo, afya, kodi, benki ya akiba ya posta. Kunawa mikono ni jambo jema na kuweka akiba ni jambo jema. Lakini wema huo ulifika umefungwa pamoja na kodi ya mkoloni kwenye furushi moja, na mtazamaji hakupewa nafasi ya kuchagua kimoja akakiacha kingine. Huo ni ujumbe mchanganyiko katika umbo lake la wazi kabisa.

Miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ikaendelea na filamu za Kiswahili, na mmoja wa waigizaji wake, aliyeonekana katika Muhogo Mchungu, alikuwa kijana Rashidi Kawawa. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Dola ya kikoloni ilimweka kwenye skrini ili aielimishe hadhira, na hadhira ikaondoka na kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango: Mwafrika akiwa katikati ya picha, akizungumza Kiswahili, akitazamwa. Weka alama hapo. Anayelipia filamu hawezi kuamua kila kitu ambacho picha itafanya.

Karibu na siku zetu, tamthilia ya Siri ya Mtungi, yenye kisa cha mpiga picha kijana wa Bagamoyo aitwaye Cheche, ilitengenezwa kwa fedha za msaada wa Marekani zilizolenga afya, hasa VVU na uzazi wa mpango. Ni kazi nzuri, imepigwa vizuri, wahusika wake wana uhai. Kujua fedha zilikotoka hakuifanyi kuwa ya uongo. Kunakusaidia kuelewa kwa nini mazungumzo fulani yanakaa pale yalipokaa, na kwa nini umaskini wa Bagamoyo unazungumzwa zaidi kama tabia za mtu kuliko kama bei, ardhi na ajira.

Na usidhani siasa ipo tu pale inapotajwa. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilirusha kwa Kiswahili tamthilia ya Kichina kuhusu binti aitwaye Doudou na vituko vya mama wakwe zake. Hakuna chama ndani yake, hakuna bendera. Ni ugomvi wa ndoa ambao mke yeyote wa Kariakoo angeuelewa. Machi 2013, Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam, aliitaja tamthilia hiyo kama ushahidi wa watu wetu kufahamiana. Mama mkwe alikuwa amefanya kazi ya ubalozi bila kusema neno la siasa. Ukikutana na kazi "isiyo na siasa kabisa", andika kwenye safu ya pili ni nchi gani, nyumba gani, maisha gani yameonyeshwa kuwa ya kawaida.

Kibali nacho kinaacha alama. Aprili 2018 bodi ya kuainisha filamu Kenya ilipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, hadithi ya wasichana wawili wanaopendana Nairobi, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku saba tu, na kumbi zikajaa. Kahiu amesimulia hadharani kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Uwe upande wowote katika suala lenyewe, ona walichokigombania. Hawakubishania mazungumzo ya katikati. Waligombania safu ya tatu. Mamlaka inajua, kama watoto wa kibanda umiza, kwamba mwisho ndio unaohukumu.

Hatua ya 6: Tenga sauti iliyoongezwa

Wengi wetu hatukuwahi kuisikia filamu ya kigeni yenyewe. Tulimsikia Lufufu, akitusimulia kwa Kiswahili juu ya sauti yake. Kenya walimsikia, na bado wanamsikia, DJ Afro. Hawa hawakutafsiri neno kwa neno: waliongeza, waliwapa wahusika majina ya kwetu, walimkemea adui, walimshauri steringi. Wakati mwingine filamu ya kivita ya Kimarekani iliingia kibandani na kutoka ikiwa hadithi ya mtaa wetu. Nawaheshimu sana, na sidhani kama kazi yao imepewa uzito unaostahili.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama una nakala yenye sauti ya asili na yenye sauti ya Kiswahili, chagua tukio moja la dakika tano na ulitazame kwa zote mbili. Andika kilichoongezwa, kilichorukwa, na kilicholainishwa. Matusi, mapenzi na dini ndiko wafasiri wanakopunguza au kuongeza zaidi. Ukikosa nakala mbili, zima sauti kabisa uangalie picha peke yake. Utashangaa safu ya pili inavyojaa.

Hatua ya 7: Mtafute asiyekubaliana nawe

Mwaka 1971 televisheni ya CBS ya Marekani ilianza kurusha mchezo wa kuchekesha wa Norman Lear, All in the Family. Mhusika mkuu, Archie Bunker, ni baba mbaguzi anayebishana kila siku na mkwewe mpenda mabadiliko. Lengo lilikuwa ubaguzi uchekwe hadi uaibike. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walitoa matokeo yao baada ya kuwauliza watazamaji wa Marekani na Kanada. Wenye chuki kidogo walimwona Archie kichekesho. Wenye chuki zaidi waliona Archie anasema kweli na ndiye anayeshinda mabishano. Programu moja, kicheko kimoja, watu wawili wanacheka mambo tofauti.

Ndiyo sababu mimi siifanyi kazi hii peke yangu. Tafuta mtu mwenye umri tofauti, jinsia tofauti au msimamo tofauti, naye achore safu zake bila kuona zako. Mbadilishane madaftari kimya kimya kwanza, ubishi baadaye. Kanuni ya ubishi ni moja: kila dai liwe na tukio lake. "Filamu inadharau wazee" halitoshi. Sema ni tukio gani, nani alisema, kamera ilikuwa wapi, kilifuata nini.

Kwa watoto wa nyumbani, usiwakabidhi safu tatu. Maswali mawili yanatosha wakati wa matangazo ya biashara: "Unadhani huyu mbaya kwao wanampenda?" na "Ungekuwa wewe ndiye mwandishi, nani angebaki hai?" Halafu nyamaza. Kwa mtoto aliyeachiwa nafasi, utasikia mambo.

Hatua ya 8: Andika sentensi yenye "lakini"

Mwisho wa yote, andika sentensi moja ndefu yenye sehemu zote tatu: filamu inasema hivi, lakini inaonyesha hivi, na mwishoni inamlipa huyu. Usiifupishe iwe ujumbe mmoja wa mtihani. Chini yake, kwenye mstari mwingine kabisa, andika msimamo wako. Usivichanganye hivyo viwili. Mtu anayechukia kitu anaona filamu inakichukia pia, na anayekipenda naye vivyo hivyo.

Yangu ya Black Panther, baada ya kuifuta mara nne, inasomeka hivi: Filamu inasema Afrika inadaiwa na watoto wake waliopelekwa ng'ambo, na kwamba kujificha ni dhambi, lakini inaonyesha kwamba anayedai deni hilo kwa hasira ni muuaji, na kwamba mtu wa CIA ni rafiki wa kuaminika, na mwishoni inamlipa mfalme kiti chake, inawalipa watoto wa Oakland kituo cha misaada, na yule aliyedai inamlipa kaburi.

Mstari wa msimamo wangu niliuacha wazi kwa muda mrefu. Jumamosi moja, baada ya kuitazama mara ya pili, kijana mmoja fundi wa pikipiki alinyoosha mkono. Alikumbusha kwamba T'Challa alijitolea kumtibu Killmonger aliyekuwa anavuja damu, naye akakataa, akaomba azikwe baharini pamoja na mababu waliojirusha kutoka merikebuni kuliko kuishi utumwani. "Mwalimu," akasema, "sisi tumekaa Bagamoyo na Kilwa, bahari ile ile. Kwa nini maneno mazito kuliko yote wamempa adui ayaseme?" Kila mtu akainama kwenye daftari lake, na hatukuondoka mpaka saa mbili usiku.